Mwanamke na Amani Baada ya Vita: Je, Kazi Yake ni Kupika Chai Tu?

Nimepewa nafasi katika jarida la chama chetu cha Kiswahili nieleze jambo ambalo huku kwetu tunaliona kila mara lakini hatulizungumzi. Jambo lenyewe ni hili: vita vikiisha, ni nani hukaa chini kutengeneza amani? Na kwa nini mwanamke akionekana hapo huwa ni wa kumimina chai?

Nataja chai kwa sababu mimi ni mtoto wa chai. Kwetu ni upande wa Sotik, karibu na mpaka wa Bomet na Nyamira, na kila Jumamosi humsaidia mama kuchuma na kubeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani. Lakini makala haya hayaanzii shambani. Yanaanzia ndani ya sanduku la nyanyangu.

Ndani ya sanduku hilo mna mshipi wa ngozi ulioshonewa kauri nyeupe. Kwa lugha yetu ya Kipsigis unaitwa leketyet. Zamani mwanamke akishajifungua aliufunga tumboni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pambo tu. Kumbe sivyo! Nyanya alinieleza kwamba wanaume wakishikana, hata kama mishale imeshatoka kwenye podo, mama akiufungua mshipi huo na kuulaza chini katikati yao, basi vita vimekwisha. Anayeuvuka ni kama amelikanyaga tumbo lililomzaa, na hakuna mwanamume aliyetaka laana ya namna hiyo. Nikamuuliza, "Na baada ya hapo, nyanya, ni nani waliokaa kuamua ile kesi?" Alicheka sana. Akasema wazee walikwenda kukaa kwenye kokwet, yaani baraza la kijiji, nao wanawake wakarudi jikoni.

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Mwanamke alikuwa na uwezo wa kusimamisha vita, lakini hakuwa na kiti mahali amani ilipopangwa. Mimi naona hali hiyo haijabadilika sana, ila siku hizi badala ya mshipi anashika birika.

Kwa faida ya wadogo wetu, wacha nirudi nyuma kidogo. Mapigano ya kikabila katika sehemu zetu hayakuanza jana. Mnamo tarehe 29 Oktoba 1991 yalizuka katika shamba la Meteitei huko Tinderet, wilaya ya Nandi, na kufikia mwaka wa 1992 yalikuwa yamefika Kericho, pande za Londiani, Kipkelion na Sondu, na pia mpaka huu wetu wa Sotik na Borabu. Chanzo kilikuwa siasa za vyama vingi zilizowashwa juu ya ugomvi wa zamani wa mashamba. Borabu, kwa mfano, ilikuwa ardhi ya walowezi wa Kizungu ambayo miaka ya 1960 iligawiwa Wakisii, na Wakipsigis wengine wakabaki wakisema ni yao. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka wa 1998 kuchunguza mambo hayo. Kisha tukasahau.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ukatukumbusha. Soko la Chebilat lililo pale pale mpakani lilichomwa. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi mjini Eldoret, na hasira ikawaka Kericho. Wafanyakazi wa Kikisii waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za mashamba ya chai walikimbia na watoto mgongoni. Kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, waliokufa nchi nzima walikuwa 1,133. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini kwetu mwaka huo bado unatumika kama kalenda. Utasikia mtu akisema, "Huyo ng'ombe tulimnunua kabla ya vita."

Sasa tuangalie amani iliyofuata ilitengenezwa na nani. Wengi wetu tunajua Kofi Annan alikuja Nairobi na kwamba Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba tarehe 28 Februari 2008. Katika timu ya wapatanishi watatu, mmoja alikuwa mwanamke, Mama Graça Machel wa Msumbiji. Mwingine alikuwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa wa Tanzania. Mezani penyewe walikaa wajumbe wanane, wanne kila upande, na kila upande ulikuwa na mwanamke mmoja: Martha Karua upande wa serikali na Sally Kosgei upande wa ODM. Wawili kwa wanane. Si haba, atasema mtu. Lakini nje ya ukumbi makundi ya wanawake wa vyama na makabila mbalimbali yalikuwa yamekaa, yakabishana, na mwezi huo wa Januari yakaipelekea timu ya Annan waraka wa madai yao. Hawakungoja kuitwa. Walibisha hodi.

Na je, walibisha kwa nini? Kwa sababu yapo mambo ya vita ambayo mwanamume hayasemi, na wakati mwingine hayajui. Tume ya Waki iliandika sura nzima kuhusu ubakaji na dhuluma nyinginezo za aina hiyo. Baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2013, iliandaa vikao vya wanawake peke yao, bila mwanamume ndani, ndipo ndimi zikafunguka. Hata hivyo haki ilichelewa mno. Kesi ya waathiriwa wanane wa dhuluma hizo ilifikishwa kortini mwaka wa 2013, na ilikuwa Desemba 2020 ndipo Mahakama Kuu ikaamuru wanne kati yao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Hebu hesabu miaka tangu 2008. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi.

Mfano bora wa wanawake walioanza wenyewe uko mbali na chai yetu, kule Wajir, ambako hata majani ya kawaida ni haba. Mwaka wa 1992 koo za Kisomali zilikuwa zikipigana vibaya, na ukame nao ukazidi. Vita viliingia sokoni: muuzaji wa ukoo huu hamwuzii mnunuzi wa ukoo ule. Wanawake wachache, miongoni mwao kijana mwalimu aliyeitwa Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko hilo hilo. Walikubaliana kwamba kila mwanamke aweze kununua na kuuza kwa mwingine bila kuulizwa ukoo. Jambo dogo, sivyo? Lakini kutoka hapo waliwaendea wazee, wakawaendea vijana, na mwaka wa 1993 wazee wakakubaliana kwa azimio lililoitwa la Al Fatah. Kamati ya amani ya Wajir ya mwaka wa 1995 ndiyo iliyoigwa baadaye na wilaya nyingine za Kenya. Kwa hiyo ukiona kamati ya amani imeketi kwetu, wazee watupu wameshika bakora, ujue mbegu yake ilipandwa na wauza maziwa. Dekha alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka wa 2007, na wakati wa machafuko ya 2008 alikuwa miongoni mwa Wakenya waliojitolea kutafuta suluhu. Alifariki mwaka wa 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Nilipoisoma habari hii ya Wajir nilikumbuka jambo lililotokea kwetu mwaka juzi, na hili nililiona kwa macho yangu.

Ng'ombe walikuwa wameibwa upande wetu. Kesho yake mtu wa upande wa pili akajeruhiwa kwa mshale. Soko likafungwa. Baada ya siku chache uliitishwa mkutano wa amani chini ya mti, mpakani. Wanaume wa pande zote mbili walipewa viti vya plastiki. Kina mama walikaa nyasini, ila wale waliokuwa wakipika, na mimi nikiwa mmoja wa waliobeba vikombe. Wageni walihutubia. Wazee wakajadili ng'ombe: ni wangapi, walipitia wapi, watarudishwa lini. Saa tatu nzima ni ng'ombe! Hatimaye mama mmoja kutoka upande wa Nyamira alisimama bila kuitwa. Akauliza, "Na sisi tulioibiwa vibanda vyetu sokoni, tutalipwa na nani? Na soko litafunguliwa lini, watoto wale?" Mwenye kuongoza mkutano akamjibu kwa upole kabisa, "Mama, hilo tutalizungumza baadaye." Baadaye haikufika. Watu walikunywa chai wakaenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ng'ombe walirudi, lakini soko lilikaa limefungwa wiki kadhaa. Kufungwa kwa soko kwetu maana yake ni nini? Mamangu huuza maziwa na mahindi kwa wanawake wa upande wa pili, nao humletea ndizi. Wengi hukopeshana. Mama ana daftari la madeni, daftari la shule la kurasa arubaini na nane, na katika lile daftari Wakisii na Wakipsigis wamechanganyika kama mboga sufuriani. Soko lilipofungwa, baba alisema kwa hasira, "Hizo pesa zisahau, hao hawatalipa." Basi usiku wa tatu simu ya mama ikalia. Ilikuwa M-Pesa, shilingi 600, kutoka kwa muuza ndizi. Kesho yake ikaingia nyingine. Hakuna aliyewalazimisha, na huko kwao pia hapana shaka kulikuwa na baba aliyesema wasilipe. Wiki hiyo hiyo mama na mwenzake walikubaliana kwa simu wakutane kwenye daraja, mmoja na maziwa, mwingine na ndizi. Siku ya kwanza walikuwa wawili. Siku ya nne nilihesabu kumi na saba. Soko likafunguka pale darajani kabla ya tangazo lolote.

Mimi nasema huo ulikuwa mkutano wa amani wa kweli, ila haukuwa na katibu wa kuandika. Tena kuna jambo ambalo wakubwa wangelijua mapema kama wangeuliza. Wanawake hujua vita vinakuja kabla ya mishale kuonekana. Ndizi zikikosa kuletwa siku mbili mfululizo, mama husema, "Kuna maneno huko." Mara nyingi huwa sahihi. Lakini kamati yenye wajumbe wasiokwenda sokoni itaijuaje habari ya ndizi?

Sasa nifike kwenye lile gumu kuliko yote, nalo ni ardhi. Naomba niliseme kwa adabu maana linahusu jamaa yangu.

Shangazi yangu aliolewa na Mkisii aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la chai. Vita vilipoanza mwaka wa 2008 nyumba yao ilichomwa. Mume alikimbilia kwao na shangazi akamfuata na watoto wawili, lakini huko aliambiwa, "Watu wenu ndio wanaotuchoma, rudi kwenu." Akarudi kwetu. Kwetu akaambiwa, "Umeolewa, kwenu ni huko." Kwa hivyo mtu mmoja akakosa kwao mara mbili kwa mwezi mmoja! Mwaka huo serikali ilitoa shilingi 10,000 kwa kila jamaa iliyohamishwa na 25,000 kwa nyumba iliyochomwa. Jina lililokuwa kwenye orodha ni la mumewe, kwa sababu aliyeandika aliuliza mwenye nyumba ni nani. Shangazi hakuona hata senti. Nyanya alimpa mistari michache ya michai yake achume, na hadi leo ndiyo inayomlisha. Lakini shamba halina jina lake, na nyanya ana miaka themanini na kitu.

Ukiniuliza amani ya 2008 imefika kwa shangazi, nitakuambia bado. Risasi na mishale vilinyamaza. Yeye bado ni mkimbizi katika boma alilozaliwa.

Na sheria je? Sheria iko. Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010 ilitokana na mazungumzo yale ya Annan, na kifungu cha 60 kinasema ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 2005, Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya familia moja ya Kikalenjin ambapo mabinti walikuwa wamepewa sehemu ndogo kuliko kaka zao kwa hoja kwamba wataolewa. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Aliyeandika uamuzi mkuu ni Jaji Waki, yule yule ambaye miaka mitatu baadaye aliongoza tume ya kuchunguza machafuko. Nilimsomea baba habari hii. Alinyamaza, kisha akasema sheria ni ya Nairobi na shamba ni la babake. Baba yangu si mtu mbaya, naomba mwelewe hivyo. Anaogopa tu kwamba shamba la ekari tatu likigawanywa mara sita halitabaki chochote, na hofu hiyo ina msingi. Lakini mbona hofu hiyo huanza kupunguza majina ya wasichana?

Kuolewa upande wa pili kulimfuata hata mtu mkubwa. Wengi wenu mnamkumbuka Dkt. Joyce Laboso. Dadake, Lorna Laboso, aliyekuwa mbunge wa Sotik, alikufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Juni 2008 pamoja na Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet. Katika uchaguzi mdogo wa Septemba mwaka huo, miezi michache tu baada ya Chebilat kuchomwa, Sotik ilimchagua Joyce na Bomet ikamchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu. Wanawake wawili kwa siku moja katika sehemu zilizotoka vitani! Joyce akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa mwaka wa 2013, na mwaka wa 2017 akawa gavana wa Bomet, mmoja wa magavana wanawake watatu wa kwanza nchini, pamoja na Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga. Lakini mume wake alikuwa Mjaluo, na katika kampeni kulikuwa na wapinzani waliosema akagombee kwa mumewe. Wapiga kura wa Bomet hawakusikiza. Alifariki tarehe 29 Julai 2019 akazikwa Fort Ternan, upande wa kaunti ya Kisumu, na watu wetu wakavuka mpaka kwa wingi kwenda kumzika. Nyanya husema siku hiyo barabara ile ilijaa watu wa Bomet wasiobeba rungu.

Nadhani mwanamke aliyeolewa kuvuka mpaka ana kitu ambacho mjumbe mwingine hana. Anajua lugha mbili, ana shemeji huku na kaka huko, na vita vikitokea anapoteza pande zote. Ukimweka mezani hawezi kufurahia upande wowote kushinda. Sisi badala ya kumtumia tunamwuliza, "Wewe ni wa wapi?"

Dunia nayo imeliona jambo hili. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1325, linalotaka wanawake washirikishwe katika kuzuia vita na kujenga amani. Kenya ilizindua mpango wake wa kwanza wa kulitekeleza mwaka wa 2016, na sisi wa chama cha Kiswahili tutafurahi kujua kwamba mpango huo ulipewa jina la Kiswahili: Kuhusisha ni Kudumisha. Jina tamu. Nilimwuliza mama kama amewahi kulisikia, akauliza ni kikundi cha merry-go-round cha wapi.

Katiba pia inasema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja. Bunge lenyewe limeshindwa kutimiza, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Ikiwa wakubwa wanafanya hivyo, mtaani kwetu nani ataogopa?

Hata hivyo mwaka huu kumetokea jambo. Kamati ya amani ya sehemu yetu ilichaguliwa upya: watu kumi na watano, wanawake wanne. Wanahisabati mtaona kwamba thuluthi imepungua mtu mmoja. Kina mama wa soko walimpendekeza shangazi. Mzee mmoja alisimama kuuliza huyu atawakilisha upande gani, maana ameolewa huko na anakaa hapa. Wanawake wa pande zote mbili wakapiga makofi kabla hajamaliza, wakidhani anamsifu! Shangazi akapita.

Mkutano wa kwanza ulipangwa Alhamisi saa nane mchana, na Alhamisi ni siku ya soko. Wale wanawake wanne wote ni wachuuzi. Wawili walikwenda na kupoteza mauzo ya siku, wawili hawakwenda, na katibu akaandika kwamba wanawake hawahudhurii. Shangazi ameandika barua kuomba mikutano iwe Jumapili baada ya kanisa. Mimi ndiye niliyemsaidia kuinakili kwa mwandiko mzuri, nakala mbili. Mpaka ninapoandika makala haya hajajibiwa, na Alhamisi ijayo kuna mkutano mwingine.